Makato ya afya: Likoni na Tanga

SWALI: Mshahara wangu ni shilingi 50,000 na nakatwa 1,375 za SHIF, mfuko wa bima ya afya wa Kenya. Kakangu ni mwalimu wa serikali Tanga, anasema wao hukatwa asilimia 3 tu ya bima. Mbona sisi twatozwa kodi, kisha matibabu tena? — Msomaji, Likoni

JIBU: Kakako naye hutozwa vyote viwili. Chukua milioni moja ya Tanzania, isiyopishana sana na mshahara wako. Hutolewa pensheni 50,000, na zile 950,000 zilizosalia hukatwa kodi 115,500. Bima ya NHIF, mfuko wa afya wa Tanzania, ni 30,000, ila mwajiri wake huongeza 30,000 nyingine, mfuko ukapata asilimia 6. Hapo ndipo mlipoachana. Kwa SHIF mwajiri wa Kenya hachangii hata senti. Kazi yake ni kukata asilimia 2.75 na kuiwasilisha kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kwa maoni yetu, hilo ndilo la kupigania.

Kagua pia hati yako ya mshahara. Tangu mwisho wa Desemba 2024, NSSF ya pensheni (3,000), SHIF (1,375) na tozo ya nyumba (750) hutolewa kwanza, ndipo kodi ipigwe kwa 44,875. Kwa viwango vya 2025, ukishaondoa nafuu ya kodi ya 2,400, PAYE yako, yaani kodi ya mshahara, ni 5,846. Ukiona 6,483, mhasibu ametoa NSSF pekee. Mwombe arekebishe, kwani ni zaidi ya shilingi 600 kila mwezi.

Ukitaka kuona nchi isiyokata bima juu ya kodi, tazama Uganda: haina mfuko wa taifa wa bima. Hospitali za umma ziliacha kutoza wagonjwa 2001, isipokuwa wodi za kulipia, lakini dawa zikiisha mgonjwa hujinunulia.

Kukatwa hakumsajili mke wala watoto. Wengi hulijua hilo kwenye dirisha la hospitali, mtoto yuko mikononi. Piga *147# ya SHA, mamlaka inayosimamia SHIF, waongeze, kisha utazame kama michango yako inaonekana. Mwajiri akikata asiwasilishe, hospitali itakuona hujalipa. Maradhi ya kawaida anzia zahanati au kituo cha afya cha daraja la 2 au la 3 chenye mkataba na SHA, ambako huduma ya msingi hulipiwa na serikali hata kwa asiyechangia, mradi awe amesajiliwa. Mchango wahitajika ukipanda hospitali kubwa kama ile ya rufaa ya Pwani.