Kabla Hujakata Boneti ya Ndege Yako

Wiki iliyopita aliniandikia Mkenya mwenzangu anayeishi Texas. Amenunua ndege ndogo ya viti viwili iliyojengwa nyumbani, RV-6 kama yangu, kutoka kwa familia ya mzee aliyeijenga, ambaye sasa ni marehemu. Kila akipaa, silinda zinachemka. Anauliza kama apanue uwazi wa chini wa boneti ili hewa itoke upesi, au afunge radieta kubwa ya oili, au aing'oe kabisa hiyo injini yake, O-320 ya nguvu farasi 160, aweke O-360 ya 180, maana hata hivyo atakuwa ameshafungua. Akamalizia: "Wewe kaka ulifanyaje, na ilikutoka pesa ngapi?"

Ameniuliza wakati mzuri. Kiangazi hiki hapa Ohio nimepanda na ndege yangu mchana wa joto kali, abiria kando, matangi yamejaa, na hakuna silinda hata moja iliyofika nyuzi 400 za Farenhaiti. Kwa asiyejua, Lycoming, watengenezaji wa injini hizi, wanaruhusu hadi 500, lakini wao wenyewe wanashauri usipite 435 ukitaka injini idumu. Yangu nilipoinunua ilikuwa ikivuka 440 kabla sijapanda juu sana, na silinda namba 3 ndiyo iliyotangulia siku zote. Leo imetulia. Boneti haijakatwa, radieta haijaongezwa, injini ni ile ile. Nilichofanya ni kurudisha kila kitu mahali mchoro ulipotaka kiwe. Jibu langu lote ni hilo, ndugu yangu, na yanayofuata ni maelezo yake.

Nilipoinunua ndege hii, wengi waliniona nimerukwa na akili. Kwenye kundi letu la WhatsApp la watu wa nyumbani, mmoja aliandika kwamba pesa hizo zingenunua ploti mbili Kitengela na zibaki za kuchimba kisima. Wakacheka wiki nzima. Hilo nililimeza. Lililonikaa rohoni ni la uwanjani. Siku nilipofungua boneti kwa mara ya kwanza, rubani mmoja wa siku nyingi alikuja akasimama nyuma yangu, akaitazama mikono yangu, akasema kwa sauti ya kusikika hanga nzima kwamba afadhali nitafute mtu anayejua vyuma.

Anayejua vyuma! Mimi nimelelewa katika makelele ya nyundo. Baba yangu ni fundi wa bati, jua kali wa Kamukunji, Nairobi. Kila Januari, wanafunzi wa kidato cha kwanza wanapojiandaa kwenda shule za bweni, alikuwa akitengeneza masanduku usiku na mchana, nami nikimshikia bati upande wa pili. Kabla sijaelewa desimali darasani, nilikuwa najua kwamba ribiti, kile kipini cha kuungia bati na bati, ikikaa karibu mno na ukingo, bati litachanika. Miaka mingi baadaye nilipofungua mwongozo wa ukarabati wa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ule wa AC 43.13-1B, nikakuta kanuni ile ile imeandikwa: kutoka katikati ya ribiti hadi ukingoni pasipungue mara mbili ya kipenyo cha ribiti. Nilimpigia baba simu siku hiyo hiyo nikamsomea. Akauliza kama walioandika wamewahi kufika Kamukunji.

Yule rubani hakuishia hapo. Ni yeye aliyenishauri nichukue msumeno nipanue uwazi wa boneti, na karakana moja niliyoiuliza ikataka kuniuzia radieta ya pili ya oili pamoja na kazi yake, kwa bei iliyoninyima usingizi. Kila mtu alikuwa na kitu cha kuongeza. Hakuna hata mmoja aliyeomba kuangalia kilichokuwapo.

Nadhani watu hukimbilia kubadilisha kwa sababu ya uhuru tulio nao. Hapa Marekani ndege hizi ziko katika kundi la majaribio, na neno EXPERIMENTAL huandikwa kwa herufi kubwa karibu na mahali unapoingilia. Sheria inataka zaidi ya nusu ya kazi ya ujenzi iwe imefanywa na mtu anayejenga ili kujifunza au kujifurahisha. Ikishapewa cheti, hakuna anayekuzuia kushika spana. Unaweza kuitengeneza mwenyewe hata kama uliinunua jana. Penye mlango mwembamba ni ukaguzi wa kila miezi 12. Aliyeijenga anaweza kuomba cheti cha kuikagua mwenyewe, lakini cheti hicho hakiuzwi pamoja na ndege. Mimi niliyenunua humwita fundi mwenye leseni ya bodi na injini za ndege, ile ya A&P aikague na kutia sahihi. Wangu ninayemwita ni mzee mpole anayepitisha kidole chake kwenye kila bomba la mafuta, taratibu, huku akipiga mluzi. Fundi anayemaliza kukagua kabla chai haijapoa mkimbie.

Haya, turudi kwenye joto. Injini hizi hupozwa kwa hewa. Hewa huingia kwa matundu mawili ya mbele, kandokando ya propela, ikajaa juu ya injini, kisha ikashuka kwa nguvu katikati ya mapezi ya silinda na kutokea chini. Kinachoilazimisha kushuka ni vibati vya aluminiamu vilivyoizunguka injini, na juu ya vibati hivyo kuna utepe wa raba unaobana boneti kwa ndani. Hewa ikipata upenyo mwingine haihangaiki tena na mapezi. Itapita huko, kama wanafunzi waliogundua tundu kwenye ua wa shule.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, nililigeuza boneti la juu nikalitazama kwa ndani. Raba inayogusa vizuri huacha alama nyeusi ya msuguano. Upande wa kushoto alama ilikuwapo, mstari mmoja usiokatika. Upande wa kulia palikuwa peupe kabisa, rangi ya kiwandani bado inang'aa. Usiku nikalirudisha boneti, nikaweka taa ya waya chini ya injini, nikazima taa za hanga, nikainama na kuchungulia kwa matundu ya mbele. Mwanga ulitoka kila mahali. Juu ya silinda namba 3 raba ilikuwa imelalia nyuma badala ya mbele, ikawa kila hewa inapoingia kwa nguvu inaifungua badala ya kuibana. Penye pembe, kibati kinapokutana na kasha la injini, palikuwa na pengo la kuingia kidole gumba. Na kibati cha nyuma kilikuwa na ufa unaoanzia kwenye tundu la bolti, kingo zake zina weusi ule wa chuma kinachosuguana na chuma.

Niliutoboa ufa tundu dogo pale unapoishia ili usiendelee. Nikakata kiraka cha aluminiamu ya aina ile ile na unene ule ule, nikasugua kingo hadi kidole kisisikie makali, nikakipiga ribiti kwa nafasi alizonifundisha baba. (Usichore kwenye aluminiamu kwa penseli ya kawaida. Makaa yake huanzisha kutu. Tumia kalamu ya wino.) Raba zote niling'oa nikaweka za silikoni, zikiwa zimeelekezwa mbele ili hewa yenyewe izibandike kwenye boneti. Mapengo ya pembeni nikayaziba kwa silikoni nyekundu inayostahimili joto. Nikarudia ile taa. Giza. Gharama yote haikufika bei ya tairi nne za gari langu.

Siku ya kwanza kuruka baada ya hapo nilikuwa peke yangu na nakiri moyo ulikuwa ukinienda mbio. Nilikuwa nikiitazama geji kuliko nilivyotazama nje, jambo ambalo sikushauri. Ilipanda hadi 390 ikasimama. Nilipotua, yule rubani alikuwapo. Sikumwambia neno. Mwezi uliofuata alinisogelea akiomba nikaangalie raba zake.

Sasa kwa nini nang'ang'ania mchoro? Kwa sababu badiliko analolifanya mtu mmoja huachiwa mwingine. Chukua mfano wa mwanamuziki John Denver. Tarehe 12 Oktoba 1997 alianguka baharini karibu na Pacific Grove, California, akiwa kwenye Long-EZ, ndege ndogo ya kujengwa nyumbani, aliyokuwa ameinunua kwa mtu mwingine. Burt Rutan, aliyebuni ndege hiyo, alikuwa ameiweka swichi ya kuchagua tangi la mafuta mbele ya rubani, mahali mkono unapofika. Aliyeijenga aliihamishia nyuma ya bega la kushoto, ili mabomba ya mafuta yasipite kwenye chumba cha rubani. Nia yake ilikuwa njema. Lakini kuifikia swichi hiyo rubani alipaswa kujipinda, na wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, walihitimisha kwamba alipokuwa akihangaika nayo alikanyaga pedali ya kulia bila kukusudia na ndege ikamshinda. Walitaja pia kwamba aliondoka bila kuongeza mafuta, na kwamba hakupata mazoezi ya kutosha kwenye ndege hiyo mpya kwake. Hata hivyo swichi ile, isiyo na maandishi, ikiwa mahali pasipofikika vizuri, iko kwenye orodha ya sababu. Ukishaisoma ripoti ile huwezi tena kukisogeza kitu ndani ya ndege kwa sababu tu umeona inafaa.

Ndege yangu nayo ilikuja na siri yake. Betri ilikuwa imehamishiwa nyuma ya sehemu ya mizigo, na daftari la kumbukumbu za ndege halikusema lolote. Uzito unaokaa mbali hivyo na bawa hauhitaji kuwa mkubwa kukirudisha nyuma kitovu cha uzito, na ndege yenye kitovu kilichorudi nyuma mno inakuwa nyepesi kwenye usukani na ngumu kuiokoa ikianza kuzunguka. Nilikodi mizani tatu, moja kwa kila gurudumu, nikainyanyua ndege mkia hadi ikalala sawa kwa pimamaji, nikamwaga mafuta, nikapima. Karatasi ya uzito niliyokabidhiwa wakati wa kununua ilikuwa kama ya ndege nyingine. Betri nikairudisha mbele, nikapima upya, nikaandika hesabu mpya na kuitia sahihi. Hii ndiyo kazi ambayo watu wengi hawaitaki kwa sababu haionekani kwenye picha. Fanya hii kabla ya zote. Nasema tena: pima kwanza. Usimwamini mtu aliyekuuzia, hata kama ni mtu mwema, hata kama mnasali pamoja.

Kuhusu O-360, ndugu yangu, nitakuwa mkweli. Injini kubwa zaidi itakupa joto zaidi, na ukiifunga ndani ya vibati vile vile vyenye mapengo yale yale, utakuwa umelipa maelfu ya dola ili uchemke kwa nguvu farasi 180. Zaidi ya hayo, hilo ni badiliko kubwa. Masharti ya uendeshaji yanayokuja na cheti cha ndege, soma ya kwako, kwa kawaida yanataka uwaarifu FAA na urudi kwenye majaribio ya angalau saa 5, katika eneo ulilopangiwa, bila abiria. Sisemi usifanye. Nasema usifanye ili kukwepa kazi ya raba na ribiti. Nimewaona vijana wetu wengi, na ninawapenda, wanaotaka skrini mpya za dashibodi, rangi mpya, propela mpya, wapige picha watume nyumbani. Kijana, nati zako umezikaza kwa kipimo? Bolti ndogo ya AN3 inataka pauni-inchi 20 hadi 25 tu. Ukiikaza kwa hasira umeiua, na ukiiacha legevu itakuua wewe. Kila unayoikaza ipake alama ya rangi ili ukaguzi ujao uone kama imesogea.

Tena usifanye kazi hii peke yako chumbani na video za YouTube. EAA, chama cha wajenzi wa ndege za nyumbani alichokianzisha Paul Poberezny mwaka 1953, kina washauri wa ufundi wanaojitolea kuja kukagua kazi yako bila malipo. Wengi wao ni wazee waliojenga zaidi ya ndege moja. Mimi niliona haya kumwita wa kwanza, kutokana na yale niliyoambiwa hanga, lakini alikaa nami mchana kutwa, na nilipomweleza habari za Kamukunji akaomba nimwonyeshe jinsi baba anavyokunja pembe za sanduku. Mkiweza fikeni Oshkosh, Wisconsin, kwenye maonyesho yao ya ndege ya mwezi Julai. Huko utakuta mtu amekaa kwenye kiti cha kukunja chini ya bawa la ndege aliyoijenga, akisubiri tu umuulize.

Na ninyi mnaosoma mkiwa Kenya au Tanzania, haya ya vibali niliyoyataja ni ya Marekani. Anzeni KCAA au TCAA, mamlaka zenu za usafiri wa anga, mpate jibu kwa maandishi kabla hamjanunua hata ribiti moja.

Kwa wewe wa Texas, fanya hivi wikendi hii. Toa boneti la juu, lipindue, tafuta ile alama nyeusi. Usiku weka taa. Piga picha kila mwanga unapotokea, na ya kibati cha nyuma ya namba 3 piga kwa karibu. Tafuta michoro ya awali kwenye makaratasi ya marehemu, familia mara nyingi huwa nayo kwenye boksi ambalo hakuna aliyelifungua. Ukishaziba, ruka peke yako asubuhi kukiwa na ubaridi, kisha uniandikie joto la silinda zote nne, usiniandikie la hiyo inayokusumbua tu.