Masika yanakaribia: maswali yenu kuhusu bustani ya nyuma ya nyumba

*Nimehamia kwangu Chanika. Nyuma ya nyumba nina eneo la mita kumi kwa kumi na nataka kulima kilimo cha kudumu, ile permakalcha mnayoizungumzia, ya kulima kwa kuiga maumbile. Nianze kupanda nini?*

Dada yangu, kabla ya kupanda chochote shughulika na maji. Mvua ya kwanza ikishuka, toka nje uone yanaingilia wapi, yanatuama wapi, yanakimbilia kwa jirani yupi. Pale yanapokimbia, chimba mtaro unaokata mteremko, na udongo uutupe upande wa chini uwe tuta. Wakulima wa milimani huiita fanya chini. Maji yatasimama humo yazame polepole, na juu ya tuta utapanda migomba na mipapai ambayo hutahangaika kuimwagilia.

Kisha tazama bati lako. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 50 likinyeshewa milimita 20, ni karibu lita 1000, yaani tangi zima kwa mvua ya jioni moja. Inaniuma kuona watu wananunua maji ya boza wakati hayo ya bure yanaishia barabarani. Funga gata, hata kama ni upande mmoja tu wa paa.

Hapo ndipo upande. Unavyochuma kila siku viwe hatua chache kutoka mlango wa jikoni: matembele, mchicha, pilipili, mchaichai. Mbaazi na muhogo vikae mbali, haviombi kutazamwa kila asubuhi. Mchicha upande kwenye tuta lililoinuliwa, maana mbegu zake ni ndogo na mvua kubwa huzizoa.

*Huku Kigamboni ni mchanga mtupu. Namwagilia asubuhi, mchana pakavu. Nifanyeje?*

Lisha mchanga huo mboji, na usiuache uchi. Tandika vijiti chini ili hewa ipite, weka majani makavu, juu yake majani mabichi na maganda ya jikoni, kisha samadi, nyunyiza maji, urudie hivyo hivyo mpaka rundo likufike kifuani. Chomeka fimbo ndefu hadi katikati. Baada ya siku chache ichomoe uishike. Ikiwa ya moto na ina unyevu, rundo linaiva. Ikiwa ya moto lakini kavu, na imeshika ukungu mweupe, rundo lina kiu. Ikitoka baridi, ongeza samadi na majani mabichi, uligeuze. Kwa kawaida mboji huwa tayari baada ya miezi mitatu hivi, ikiwa nyeusi na inanukia udongo wa msituni.

Na tafadhali, acheni kufagia majani ya mwembe na kuyachoma kila asubuhi! Hayo ndiyo matandazo. Yatandaze kuzunguka miche, unene wa kiganja, bila kugusa shina.

*Mimi ni mpangaji, sina uwanja. Nimekosa?*

Hujakosa. Chukua gunia na kopo kubwa lisilo na kitako. Simamisha kopo katikati ya gunia, lijaze kokoto, zungushia udongo uliochanganywa na mboji, kisha livute kopo juu na kurudia mpaka gunia lijae. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo njia ya maji hadi chini. Toboa matundu ubavuni, upande sukuma wiki. Ukihama, unahama nalo.

*Niko Columbus, Ohio, huku Marekani. Aprili hii natamani kupanda mchicha na sukuma wiki kama nyumbani.*

Sukuma wiki inavumilia baridi, ipande. Mchicha usubiri mpaka katikati ya Mei, jalidi ikishapita na udongo umepata joto. Ukiupanda mapema utadumaa. Kwenye nyasi tandika maboksi yaliyotolewa tepu, yaloweshe, halafu juu yake weka mboji ya sentimita 15. Lakini kaka, nyumba yako ikiwa imejengwa kabla ya 1978, usilime karibu na kuta zake. Rangi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, nayo hubaki udongoni na huwadhuru watoto zaidi. Pima udongo kwanza, au lima kwenye kitalu cha mbao kilichojazwa udongo safi.

*Kunde zangu zimejaa vidukari weusi, na sisimizi pia.*

Sisimizi wanawalinda vidukari kwa sababu ya utomvu wao mtamu. Twanga majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo. Nyunyiza jioni, chini ya majani, kwa kuwa jua huua nguvu ya dawa hiyo. Ukiona wadudu-kibibi wekundu wenye madoa wanatembea humo, usinyunyize, waache: hao wanakula vidukari.