Matangazo Yanayozuilika na Yasiyozuilika Kwenye Simu

Mama yangu mdogo anaishi Mbagala, na kwa muda mrefu alilalamika kwamba kifurushi chake cha intaneti kinaisha kabla ya siku zake. Jumapili moja niliichukua simu yake nikaona sababu mojawapo: alikuwa akifungua ukurasa wa habari, na kabla hajamaliza aya ya kwanza, video ya tangazo ilikuwa imeshaanza kucheza juu ya maandishi, huku chini yake kukiwa na kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa "Pakua", kisichohusiana kabisa na habari yenyewe.

Matangazo ya namna hiyo yanazuilika, kwa kuwa mengi huvutwa kutoka kwenye seva, yaani kompyuta za mtandaoni, za kampuni za matangazo pale ukurasa unapofunguka. Ukizizuia seva hizo, tangazo halifiki na MB zako zinabaki. Simu yake ni ya Android, na Chrome ya Android haipokei viongezi, yaani programu ndogo zinazokiongezea kivinjari uwezo, kwa hiyo nilimwekea Firefox pamoja na kiongezi cha bure kiitwacho uBlock Origin. Asiyetaka kubadili kivinjari anaweza, kuanzia Android 9, kuingia kwenye Mipangilio, akatafuta DNS ya Faragha (DNS ndiyo huionyesha simu anwani ya kila seva) na kuandika dns.adguard-dns.com, ambayo hukataa kutoa anwani za seva za matangazo. Njia hii hupunguza hata matangazo ya programu nyingine nyingi zilizomo kwenye simu.

DNS hiyo haiwezi kuyaondoa matangazo ya ndani ya YouTube au Facebook, kwani hutoka kwenye seva zilezile zinazoleta video na picha za ndugu zako, na ukizifunga umekosa vyote. Mwenye video anapokatiza mazungumzo ili amsifie mdhamini wake, kuna kiongezi kingine, SponsorBlock, kilichoanza mwaka 2019, ambacho huruka sehemu zilizowekewa alama na watazamaji wenyewe. Lakini katika video za Kiswahili ninazotazama, mara nyingi hakuna aliyeziwekea alama.

Linalonitia hofu zaidi ni tangazo lililovishwa nguo za makala. Wiki chache baadaye mama mdogo alinipigia: "Mwanangu, nimesoma daktari anaeleza dawa inayomaliza kisukari kabisa. Nitume hela?" Nilimwomba anitumie kiungo. Kulikuwa na kisa cha mgonjwa aliyepona, picha ya mtu aliyevaa koti jeupe, na mwisho kabisa namba ya kulipia, kisha kwa herufi ndogo za kijivu maneno "maudhui ya udhamini". uBlock Origin haikuigusa, kwa sababu kwa programu hayo ni maandishi kama maandishi mengine.

Nilikwenda Mbagala tukaisoma pamoja tukianzia chini kwenda juu, tukitafuta kwanza anayeuza ni nani na hela inaingia kwa nani, kisha nikamsihi asiache dawa zake na alipeleke swali hilo kwa muuguzi wa kliniki yake. Hela hakutuma. Tangu siku hiyo, kila anaponitumia makala ya dawa, ananiandikia kwanza kilichoandikwa mwishoni.