Bidoni tupu ya Jumatano

Ndugu wahariri,

Wiki hii mmeuliza kama kikundi cha kusaidiana kinaweza kumtoa mtu kwenye pombe, na kama tungempeleka ndugu yetu huko. Swali limenigusa pabaya. Kuacha pombe si kitu kigeni kwangu, nimeiacha mara kumi. Mlango wa kikundi ndio ulionishinda. Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, nimelala mtaroni karibu na soko la Kadutu, watu wakaniruka wakaenda zao bila kushangaa. Lakini kuonekana mchana, sijalewa, naingia kwenye chumba cha walevi? Afadhali mtaro.

Na kwanza ukijue hicho kikundi kiko wapi. Nilikwenda zahanati, mwuguzi akanipa vitamini. Nikaenda chumba cha maombi, nikafunga siku tatu, wakanifukuzia roho ya ulevi. Jumapili nikatoka nimepona, Jumanne niko kwenye kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Sidharau maombi, mke wangu angekwisha kurudi kwao bila hayo. Basi siku moja, mwisho wa misa, katikati ya matangazo ya ndoa na mchango wa paa, tukasikia: "Wanaotafuta amani ya nyumba zao, Jumatano saa kumi na moja jioni, chumba cha nyuma ya sakristia." Mimi sikuelewa. Mke wangu alielewa, akanikanyaga mguu kwa kisigino.

Jumatano nikachukua bidoni ya njano ya lita 20, tupu, ili kila anayeniona ajue natafuta maji. Kwetu yalikuwa yamekatika siku nne, nani angeuliza? Nikapita mbele ya chumba nikishuka. Nikapita tena nikipanda. Mvua ilikuwa imenyesha, njia inateleza, na mama mmoja aliyekuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, mlangoni kwake akanihurumia: "Baba, huku hakuna maji, jaribu bomba la kule chini." Ikabidi nishuke kweli, kwa adabu, nikapange foleni katikati ya watoto, kisha nikaondoka kabla ya zamu yangu. Watoto wakanizomea. Nilipofika tena pale, mlango ulikuwa wazi na mzee mmoja amesimama. Hakuniuliza jina. Akasema: "Weka bidoni yako pale pamoja na zingine." Nikachungulia nyuma ya mlango. Zilikuwa tatu, zote kavu.

Ndani tulikuwa tisa, kwenye mabenchi ya katekisimu. Wanafuata desturi za Alcooliques Anonymes, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha, kilichoanzia mji wa Akron, Marekani, mwaka 1935, kwa walevi wawili, dalali wa hisa na daktari mpasuaji: hakuna ada, sharti ni kutaka kuacha tu, na unataja jina lako la kwanza basi, ili usijulikane. Huko kwao sawa. Mimi mtaa mzima unaniita kwa jina la mtoto wangu wa kwanza. Niliposimama nikataja jina la ubatizo, mmoja akaropoka, "Kumbe ndilo jina lako!" Na nani alikuwa amekaa benchi la mwisho? Mama aliyekuwa ananiuzia kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji. Alikuwa anainywa pia, na bado anaiuza, kwa kuwa ndiyo inayolipa masomo ya wanawe. Hasira zilinipanda nikataka kutoka, ila yeye ndiye aliyekuwa karibu na mlango.

Huu ni mwaka wa nne. Nilipoanza kuandika nilitaka kuwaambia: ndiyo, pelekeni kila mtu. Lakini nikiwahesabu wale tisa, tumebaki watatu, pamoja na huyo mama, ambaye ameanguka na kurudi mara nyingi. Na kuna mwenzetu aliyekuwa anaamkia pombe kila asubuhi kwa miaka. Aliapa mbele yetu kwamba haonji tena, tukampigia makofi. Siku ya pili jasho na mikono kutetemeka, akawa anaona wadudu ukutani. Ya tatu degedege, akafa kabla hajafikishwa hospitali. Tulikuwa tumemwambia avumilie, eti ni pombe inatoka. Siku hizi mtu wa namna hiyo anapelekwa kwanza kwa daktari, apewe dawa na aangaliwe siku hizo za mwanzo, ndipo aje kwenye benchi. Makofi hatupigi tena.

Sasa, ndugu yangu mwenyewe? Ninaye, mdogo wangu, anakunywa kunipita mimi wa zamani. Simpeleki. Nikimpeleka atakuja kunifurahisha, na siku tukigombana ataacha. Mke wangu anasema huo ni woga tu, naogopa asije akafa mikononi mwetu kama yule. Inawezekana ana haki. Ninachofanya, kila Jumatano namwomba anibebee bidoni mpaka pale, nasingizia mgongo. Anaibeba, anaiweka nyuma ya mlango, anarudi zake. Wiki jana alikaa nje kwenye ngazi mpaka tukamaliza. Akasema alikuwa anangoja mvua ipite. Yalikuwa manyunyu tu.