Maswali na majibu: Marekani imetoka Paris

Barua nyingi safari hii zinahusu Marekani, ambayo tangu 27 Januari 2026 si mwanachama wa Mkataba wa Paris kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Nimeacha zile zinazouliza mambo ambayo yangejibiwa kwa kuusoma mkataba wenyewe, isipokuwa moja, ambayo inanifikia kila mara.

Je, mkataba umekufa? (Msomaji, Tanga)

Haujafa.

Mara ya kwanza Marekani ilihitaji miaka mitatu na ushee kutoka. Kwa nini safari hii mwaka mmoja tu? (Msomaji, Nakuru)

Kifungu cha 28 kinamzuia mwanachama kupeleka taarifa ya kujitoa kabla ya kupita miaka mitatu tangu mkataba uanze kumfunga, na taarifa yenyewe huchukua mwaka kupata nguvu. Mkataba ulianza 4 Novemba 2016. Hivyo Donald Trump, aliyetangaza kujitoa Juni 2017, alilazimika kusubiri hadi Novemba 2019 ndipo apeleke taarifa, na nchi yake ikatoka 4 Novemba 2020, siku moja baada ya uchaguzi alioshindwa. Joe Biden aliirudisha Februari 2021. Trump aliporejea madarakani Januari 2025, kizuizi cha miaka mitatu hakikuwepo tena.

Kwa nini Marekani isishtakiwe? (wasomaji wengi mno)

Ninajibu kwa mara ya mwisho. Anayetoka kwa mlango uliowekwa na mkataba hajavunja mkataba. Zaidi ya hapo, Mkataba wa Paris hauna adhabu hata kwa wanaobaki: kila nchi hujiandikia mchango wake wa kupunguza gesijoto, na kamati inayofuatilia utekelezaji imeelezwa na kifungu cha 15 kuwa haitoi adhabu. Haya hayakutokea kwa bahati mbaya. Julai 1997 Seneti ya Marekani ilipitisha kwa kura 95 kwa 0 azimio la kuupinga mkataba wowote ambao ungezibana nchi tajiri bila kuzibana nchi zinazoendelea, na mwaka 2001 George W. Bush akaukataa Mkataba wa Kyoto, uliotangulia huu wa Paris na kuzibana nchi tajiri pekee. Walioandika wa Paris mwaka 2015 waliushona kwa namna ambayo Barack Obama angeweza kuingia bila kupitia Seneti. Tulikubali vazi lililolegea ili mteja mmoja alivae, naye amelivua mara mbili.

Mwenye hamu ya kesi asome maoni ya ushauri ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya 23 Julai 2025, yanayosema kwamba wajibu wa kuzuia madhara makubwa kwa mfumo wa tabianchi unatokana pia na sheria ya kimila ya kimataifa, yaani ile inayozifunga nchi kwa desturi bila kutia saini, ambayo haina mlango wa kutokea.

Lakini China si ndiyo inayochafua zaidi? (Msomaji, Mwanza)

Kwa hesabu ya mwaka mmoja, ndiyo. Kwa hesabu ya hewa ukaa yote iliyotolewa tangu viwanda vianze, Marekani inaongoza kwa takriban robo, na hewa hiyo hukaa angani kwa karne nyingi.

Afrika Mashariki itapoteza nini? (Msomaji, Morogoro)

Fedha, ingawa ni pungufu ya zile tulizodhani tunazo. Obama aliuahidi Mfuko wa Tabianchi wa Kijani, unaozisaidia nchi zinazoendelea kukabili mabadiliko ya tabianchi, dola bilioni 3, akalipa bilioni 1. Trump akasitisha. Biden akalipa bilioni 1 nyingine na kuahidi bilioni 3 mpya, na mwaka 2025 Washington ikazifuta bilioni 4 zilizokuwa zimebaki. Kwa Mfuko wa Hasara na Uharibifu, ambao ungewafaa watu waliofukiwa na tope Hanang Desemba 2023 laiti ungekuwa umeanza kulipa, Marekani iliahidi dola milioni 17.5 tu, kisha ikajiondoa kwenye bodi yake. Nimekuwa nikiwasihi wapangaji wetu wa bajeti kwa miaka: ahadi ya mkutano isiandikwe kama mapato. Dola bilioni 300 kwa mwaka kwa nchi zinazoendelea, zilizokubaliwa kwenye mkutano wa tabianchi wa Baku mwaka 2024, zinatarajiwa ifikapo 2035, na katikati yake kuna chaguzi mbili za urais Marekani. Nawaonya pia viongozi wetu wanaotaka kujificha nyuma ya mgongo wa Trump ili wasitekeleze walichoandika wenyewe.

Je, rais ajaye anaweza kuirudisha? (Msomaji, Bujumbura)

Katika Mkataba wa Paris, ndani ya siku 30, kama alivyofanya Biden. Ugumu uko kwingine, na nashangaa kwamba ni wewe peke yako uliyeukaribia. Januari 2026 Trump aliagiza nchi yake itoke pia katika mkataba mama wa Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi wa 1992, na asiyekuwa ndani ya huo hawezi kuwa mwanachama wa Paris. Seneti iliuridhia ule wa 1992 enzi za Bush baba. Wanasheria wa huko hawajakubaliana kama ridhaa ile bado inamtosha rais mpya au lazima aombe nyingine, kwa theluthi mbili ya Seneti ileile ya kura 95 kwa 0.