Maswali yenu: East Lynne, mama wa miwani na vilio vya makoloni

Tangu niitaje East Lynne, ile tamthilia ya Kiingereza ya karne ya 19 iliyotokana na riwaya ya Ellen Wood, meseji hazikauki, na nusu ni swali lile lile. Tuanze.

Kwa kifupi stori inahusu nini?

Nilishaeleza, ila haya, mara ya mwisho. Lady Isabel, binti wa mwinyi aliyekufa na madeni, anaolewa na mwanasheria Carlyle. Wifi mtu, Cornelia, kahamia humo humo na ndiye anayeamua kila kitu mpaka matumizi ya jikoni. Isabel anaanza kumwonea wivu Barbara Hare maana kila mara anamkuta na Carlyle pembeni wananong'ona, kumbe wanahangaikia kesi ya kaka yake Barbara aliyesingiziwa mauaji. Levison, tapeli mtanashati, anamjaza maneno, anatoroka naye mpaka Ufaransa, anamzalisha na kumtelekeza. Ajali ya treni inaua kichanga na kumharibu mama sura, huku nyuma watu wanajua kafa, Carlyle anamuoa Barbara. Isabel anarudi nyumba ile ile kwa jina la Madame Vine, miwani ya rangi usoni, kaajiriwa kufundisha watoto wake mwenyewe. William, mwanae, anakufa kwa kifua kikuu bila kujua kuwa huyo mwalimu ni mama yake.

Shikamoo mwalimu. Ule mstari wa "Umekufa, na hukuwahi kuniita mama!" uko ukurasa wa ngapi?

Marahaba. Haupo. Kitabu cha Ellen Wood kilitoka 1861, mstari ni wa jukwaani, kwenye skripti ya T. A. Palmer ya 1874. Anayeunukuu kama wa kitabuni hajakisoma, na mko wengi.

Huyo mama si alitajirika na tamthilia?

Kwa kitabu alipata, kwa jukwaa hakupata kitu. Sheria ya Uingereza wakati ule haikumzuia mtu yeyote kugeuza riwaya ya mwenzie kuwa mchezo, mpaka ilipokuja sheria ya 1911, na yeye alishafariki 1887. Kwa hiyo mwigizaji Lucille Western anajaza kumbi Marekani, makampuni yanakula tiketi London na Melbourne, mwenye stori anasoma matangazo tu gazetini kama wewe na mimi. Na nyie mnaochukua hadithi ya mtu mitandaoni mnaifanya series ya YouTube bila hata kumtaja, kwenu hakuna kisingizio cha sheria.

Waigizaji walienda kweli huko Australia au yalikuwa matangazo tu?

Walienda, na wengine hawakufika. G. V. Brooke, nyota mkubwa, alizama na meli iliyoitwa London Januari 1866 akiwa njiani kurudi Australia. Safari yenyewe ilikuwa ndefu, maana Mfereji wa Suez ulikuwa haujafunguliwa, hiyo ni 1869. Pesa ya dhahabu iliyogunduliwa huko Australia kuanzia 1851 ndiyo iliyowavuta. East Lynne yenyewe ilipendwa na makampuni kwa sababu haina gharama: sebule moja, kitanda cha mtoto, mwanamke anayejua kulia. Marekani kampuni ikiyumba kifedha ilikuwa inatangaza "wiki ijayo East Lynne" mpaka ikawa utani. Bland Holt, mwigizaji na mwenye kampuni ya maigizo kule Australia, alikuwa kinyume kabisa, yeye alitaka farasi wa kweli jukwaani.

Mimi naona ingerudishwa, inafundisha wanawake wasikimbie ndoa. Unasemaje?

Kaka, nasema umeangalia nusu. Sheria ya talaka ya Uingereza ya 1857 ilimruhusu mume kumwacha mke kwa uzinzi peke yake, ila mke alitakiwa athibitishe uzinzi na juu yake kitu kingine, ukatili, au kutelekezwa, na hiyo tofauti ilidumu mpaka 1923. Sasa angalia na mchezo wenyewe, Isabel anapoteza sura, jina, watoto na mwisho uhai, halafu Levison anakuja kubanwa kwa nini? Kwa mauaji, yale aliyosingiziwa kaka yake Barbara. Kuvunja nyumba ya mtu hakuna aliyemfikisha nako mahakamani. Na wifi Cornelia aliyeanza kuifanya nyumba isikalike mbona humsemi?

Makoloni ni Australia tu? India je?

Swali zuri, hatimaye. India walichukua staili hiyo hiyo ya melodrama, mchezo wa kuliza wa mnyonge na dhalimu, wakamgeuzia Mwingereza mwenyewe. Tamthilia ya Nil Darpan ya Dinabandhu Mitra (1860) inaonesha wenye mashamba ya nili, mmea wa kutengenezea rangi ya bluu, wanavyowatesa wakulima wa Bengal. Mmisionari James Long alipochapisha tafsiri ya Kiingereza alifungwa mwezi mmoja na faini rupia 1,000, mwaka 1861. Ikachezwa kwa kiingilio Calcutta 1872, na 1876 serikali ikatunga sheria ya kudhibiti michezo ya jukwaani. Yaani machozi ya Isabel ruksa, machozi ya mkulima polisi. Kule Bombay makampuni ya maigizo ya Maparsi, Wahindi wa dini ya Zoroaster, nayo yakachanganya melodrama na nyimbo, na filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, Alam Ara ya 1931, ilitokana na mchezo wa Kiparsi. Mliolia kwenye sinema za Kihindi Zanzibar na Mombasa, ukoo wenyewe ndio huo.

Naomba PDF.

Kitabu hakina tena hakimiliki, kiko bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg. Usinitumie namba yako ya WhatsApp.