Muulize Mama Afande: Krismasi ya baba aliye Somalia

*Mama Afande alikuwa muuguzi wa jeshi la Uganda kwa miaka 22 na alikwenda misheni ya Umoja wa Afrika huko Somalia mara mbili. Sasa anaishi Busia, na kila toleo huwajibu wasomaji wetu.*

Mama Afande, pokea salamu zangu. Mimi ni mke wa askari. Tunakaa kota za Bombo na watoto wawili, wa kiume ana miaka 7, dada yake 4. Baba yao yuko Somalia tangu mwezi wa tano, na hii ni mara yake ya pili kwenda huko. Ile mara ya kwanza alipiga simu saa saba mchana siku ya Krismasi. Tulikuwa kijijini kwa wazazi wake, karibu na Lira, watu wamejaa uani, na simu ikapita mikononi mwa kila mtu. Iliponifikia mimi alisema "sawa, sawa", akakata. Nikapiga siku nne bila kupokelewa. Sasa juzi ameniambia, "Krismasi hii usinipigie." Sipati usingizi. Wifi yangu anasema mwanaume akianza maneno hayo ujue ana mwingine. Wakwe wananiita kijijini na tayari wanauliza mchango wa ng'ombe. Mwanangu mkubwa naye kila siku anauliza baba anakuja lini, nikamwambia atakuja Krismasi, ili anyamaze. Nishauri, mama.
*Mke wa askari, Bombo*

Binti yangu, nianze na huyo mtoto. Hayo mengine yanaweza kungoja wiki, la mtoto lisilale. Leo jioni, akishakula, mwambie baba hatakuja Krismasi.

Nakwambia hivi kwa sababu lilinikuta. Desemba ya 2011 nilikuwa Mogadishu, kwenye hospitali ya kambi ya Halane, pale kando ya uwanja wa ndege, bahari iko hapo hapo. Mwanangu alikuwa na miaka 6, nimemwacha hapa Busia kwa mama yangu. Mama kwa huruma zake akamwambia, "Mama yako anakuja Krismasi." Asubuhi ya tarehe 25 mtoto akavaa viatu vyake vipya vyeusi, akaenda kukaa kwenye benchi la fundi baiskeli, mahali yanaposimama mabasi ya kutoka Kampala. Kila basi likisimama, naye anasimama. Chakula alipelekewa akakikataa, akasema atakula na mimi. Giza lilipoingia kaka yangu alikwenda kumbeba mgongoni, amelala, viatu vimefungwa pamoja kwa kamba zake na kuning'inia shingoni mwa kaka. Nilisimuliwa kwa simu, na msimuliaji alikuwa anacheka, nami nikacheka naye. Nilipokata simu nilikwenda nyuma ya hema la dawa, nikakaa juu ya magunia ya mchanga mpaka mwenzangu akaja kuniita.

Niliporudi mwaka uliofuata, yule mtoto alinisalimia kama anavyomsalimia mwalimu wake. Muhula mzima ulipita kabla hajanishika mkono tukiwa njiani.

Kwa hiyo usimwambie wako "karibu". Karibu ya mtoto ni kesho. Wala usimtajie mwezi wa kurudi, maana wewe na mimi tunajua jinsi tarehe za vikosi zinavyosogezwa. Mwambie hivi: baba yuko kazini mbali, Krismasi hii hatakuwepo, naye angependa kuwepo, na siku akipewa tarehe ya kurudi wewe mwanangu utakuwa wa kwanza kuijua. Atalia. Mwache alie, mkalishe karibu nawe. Kilio cha jioni moja nyumbani kwake ni bora kuliko benchi la fundi baiskeli.

Sasa kuhusu mumeo. Mwanaume huyo simjui na siwezi kukuapia. Lakini neno "usinipigie" peke yake si ushahidi wa kitu. Nimelisikia kwa wanaume na kwa wanawake waliokuwa wakiwapenda watu wao mpaka wanakonda. Mimi mwenyewe nililisema kwa mama yangu.

Watu wa nyumbani hudhani sikukuu ikifika, askari wanawekewa muziki na kupumzika. Ni kinyume kabisa. Siku yenyewe ya Krismasi, mwaka wa 2014, Al-Shabaab waliingia ndani ya Halane, kambi ile ile niliyokuwa nikifanya kazi, wakawaua askari watatu wa Umoja wa Afrika na raia mmoja aliyekuwa akifanya kazi pale. Walisema wenyewe kwamba walilenga sherehe ya Krismasi. Mimi nilikuwa nimesharudi nyumbani; nilizisikia habari zile redioni nikiwa na sahani mkononi, nikaiweka chini. Desemba ya mwaka uliofuata serikali ya Somalia ikakataza sherehe za Krismasi na mwaka mpya, kwamba nchi ni ya Kiislamu na mikusanyiko kama hiyo inawaita washambuliaji. Jeshi letu liko huko tangu Machi 2007, na misheni imebadilishwa jina mara mbili, ilikuwa AMISOM, ikawa ATMIS, tangu 2025 ni AUSSOM. Majina yamebadilika, lakini Desemba ni ile ile. Watu wako macho zaidi, zamu zinaongezwa, na aliye kwenye kituo cha mbele huenda hata simu hayuko nayo.

Ndiyo maana naichukia simu ya saa saba mchana. Ifikirie kutoka upande wake. Ameomba dakika zake kumi, amepanda mahali mtandao unapokamata, jua liko utosini. Anapokelewa na kelele: masufuria, watoto, muziki wa jirani, shangazi anayemuuliza kama huko kuna baridi. Kila mtu anasema "tumekumiss", kisha anampa mwingine simu. Unapofikiwa wewe, ambaye ndiye aliyetaka kuongea naye, hana sauti tena, na dakika zimekwisha. Anashuka, anarudi lindoni akiwa na harufu ya nyama ambayo hakuila. Akili ya mtu aliye lindoni haitakiwi kuwa Lira. Mumeo anajua hilo, na nadhani aliogopa alivyojisikia zile siku nne.

Basi umpigie tarehe 23, usiku, watoto wakiwa wamelala. Saa ya Mogadishu na ya kwetu ni moja, kwa hiyo hakuna hesabu ya kufanya. Mwambie umesikia, tarehe 25 simu yako haitaita. Halafu mpe kazi.

Hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu ndicho kitu nilichojifunza safari ya pili. Kinachomuumiza aliye mbali siku ya sikukuu ni kuona kwamba shughuli yote imekwenda bila mkono wake. Nyama imekatwa, wageni wamekaribishwa, mtoto ameombewa, na hakuna alichoulizwa. Pesa alizotuma hazihesabiki kuwa mkono. Mwaka wa 2016, nilipokwenda tena, nilimwomba dada yangu aniachie kuku. Jikoni kwetu kuku wa Krismasi ni wangu: namkausha kidogo kwa moshi kwanza, kisha namchemsha taratibu na kumalizia kwa mchuzi wa karanga. Nilirekodi sauti kwenye simu nikieleza hatua kwa hatua, na hata nikamgombeza dada mahali ninapojua huwa anaharakisha. Tarehe 24 walicheza sauti ile jikoni, mwanangu ndiye aliyeshika simu na kuisimamisha kila hatua ilipomalizika. Alikuwa na miaka 11. Naye akanirekodia: kuni zinavyolia, mfuniko unavyogonga sufuria, bibi yake anasema chumvi haijafika. Mwishoni akasema, "Mama, nimesimamia." Niliisikiliza tarehe 26 usiku baada ya zamu, masikioni mwangu, mara tatu. Sikuenda nyuma ya hema mwaka ule.

Wako mpe kazi anayoifanya kweli akiwa nyumbani. Kama ndiye huomba kabla ya chakula, airekodi sala mapema. Kama ndiye huchagua mbuzi, mtumie picha za mbuzi watatu, achague, na achinjwe huyo huyo hata kama mzee anamtaka mwingine. Mtoto wako wa miaka 7 naye apewe kazi ya kumwambia baba ilivyokwenda, kwa sauti yake, bila mtu mzima kumnong'oneza maneno.

Kuhusu mchango wa ng'ombe, si wewe wa kujibu. Malipo ya misheni yanaweza kuchelewa miezi, na wakwe wengi hawaamini. Wao wanaona dola zinamwagika. Mwombe mumeo azungumze na kaka yake mkubwa, mwanaume kwa mwanaume, aseme kiasi alicho nacho, hata kama ni cha mchele na sukari tu. Usipande basi kabla mazungumzo hayo hayajafanyika. Wewe ukifika na bei imeshatajwa, hakuna atakayekukalia kikao chini ya mwembe.

Lakini nenda. Kata tiketi mapema, kabla ya ile wiki nauli zinapopanda kama homa, na urudi Bombo kabla ya mwaka mpya. Watoto wanahitaji babu na bibi, na wewe unahitaji siku tatu za mtu mwingine kukupikia. Wageni wakimuuliza mtoto baba yuko kambi gani, jibu ni "yuko Somalia", basi. Na picha zake za gwanda zisizunguke kwenye simu za watu.

Wifi yako mpe kazi ya kukatakata kunde.

Shikamoo Afande Mama. Mimi ni kijana wa miaka 24, niko mafunzoni Singo, tunajiandaa kwenda misheni kwa mara ya kwanza. Sikukuu zote zitanikuta huko. Mzigo tunaoruhusiwa ni mdogo. Nibebe nini cha kunisaidia Desemba?
*Askari, Singo*

Marahaba mwanangu. Orodha ya jeshi utapewa na wakubwa wako, mimi nakwambia yangu.

Beba picha ya karatasi. Simu hukatazwa, huzima, huanguka mchangani. Picha iliyochapishwa inakaa ndani ya Biblia au msahafu na haiombi chaji. Beba tangawizi kavu iliyosagwa na pilipili yako mwenyewe, maana chakula cha kambi kinashibisha lakini mwezi wa nne hutaki tena kukiona. Kama mama yako anasaga simsim, akupe chupa ndogo, ifungwe vizuri, isije ikakuharibia nguo. Na uwajue mapema Waislamu wa kikosi chako kama wewe ni Mkristo, au Wakristo kama wewe ni Mwislamu. Mtapokezana zamu: wao Krismasi, ninyi Idd. Muombe wakubwa wenu mapema, kabla orodha ya zamu haijabandikwa.

Halafu kuna jambo moja ambalo silisahau. Krismasi ile ya 2011 tulikuwa na wali, maharage na kuku wa barafu. Kijana mmoja kutoka upande wa Masaka alikuwa ameletewa kifurushi na mwenzake aliyetua kutoka Entebbe siku mbili kabla, karanga za kukaanga ambazo mama yake alizifunga kwenye jani la mgomba. Karanga tuliziona zinaisha usiku ule ule. Lile jani alilihifadhi. Lilikuwa limeshanyauka, lina mikunjo, pembeni limeanza kuwa kahawia. Siku ya Krismasi akaliosha kwa maji ya kunywa, mgao wake mwenyewe, akalinyoosha kwa viganja juu ya goti, akalifunika juu ya wali ndani ya sufuria, kisha akaweka mfuniko na kukaa mbele yake asiguse mtu.

Alipofunua, mvuke ukatoka na harufu ya jikoni kwetu, ile ya matoke yakitolewa jikoni Jumapili. Tulikuwa watu kumi na moja hivi, wa Gulu, wa Mbarara, wa Soroti, mimi wa Busia. Sajenti wetu, mtu mkavu ambaye sikuwahi kumwona akicheka, akasema taratibu, "Rudisha mfuniko kidogo, usiimalize."

Mwombe mama yako akufungie kitu kwenye jani.